Fundo la Shoto

Kama utacheka, cheka sasa umalize, halafu usome. Mimi ninayekuandikia nina dole gumba moja tu, la kushoto. La kulia lilibaki Doha, na lililolikata si kisu wala msumeno.

Kiwanda chetu kilisokota nyuzi nene, si za nguo. Zilikuwa za kutengenezea mikanda ya kuinulia mizigo kwa kreni. Sheria ya uzi huo hata mimi niliyeishia darasa la nne niliijua siku ya kwanza: hauungwi. Ukikatika, bobini nzima ulikozungushiwa inawekwa kando, inakuwa taka. Fundo likiingia ndani ya mkanda, ipo siku mkanda utaachia.

Fomani wetu alikuwa Kirimi, Mkenya mwenzangu. Namtaja kwa makusudi. Alichoka kuulizwa na mudiri, mkuu wa kiwanda, kwa nini taka ni nyingi, akaanza kutuamuru tuunge.

Aliyebisha ni Okello, Mganda wa Tororo, niliyeendesha naye mashine namba saba. Tulimwita Shoto kwa sababu ya mkono wake. Hata mafundo yake yalijulikana: mkia wa fundo lake ulilala kushoto, wa yetu kulia.

"Bosi, huu uzi ni wa kuinua vitu juu ya watu," alimwambia.

"Kwani wewe ni injinia? Funga, Shoto. Ama uende stoo ukabebane na masanduku."

Akafunga siku tatu. Siku ya nne akakataa, akapelekwa stoo. Haukupita muda, mkanda uliotokana na nyuzi zetu ukakatika akiwa anaelekeza mzigo, amesimama pembeni kabisa, mahali pake. Mzigo ukayumba, ukamwangukia kifuani, akafa palepale. Niliuona mkanda ule kabla Kirimi hajauficha. Pale ulipoachia palichungulia fundo, mkia umelala kushoto.

Karatasi ya ushahidi niliyoletewa ilisema Okello aliingia chini ya mzigo kwa uzembe wake. Nilisomewa mara mbili, kwa hiyo usiseme sikuelewa. Nikabonyeza dole gumba la kulia kuwa shahidi. Kirimi akanipigapiga begani: "Mzee, wewe ni mtu wa kuelewana naye." Na mke wa Okello kule Tororo akaambiwa hivyo hivyo, uzembe.

Sasa sikiliza. Ilikuwa adhuhuri, siku chache baadaye. Wengine walikuwa wameenda kuswali, wengine kula, na swichi kubwa ya umeme imeshushwa. Mimi nilibaki kufagia vumbi la nyuzi. Kwenye mashine namba saba nikaona mgongo wa mtu ameinama.

"Mtaita, nishikie hapa," akasema bila kugeuka.

Ndivyo alivyoniambia kila siku ya Mungu. Utafanyaje? Mkono wangu ulitangulia akili. Nikaipokea ncha ya uzi, ikajizungusha kwenye dole gumba, baridi kama kitu kilichotoka friza. Ndipo akageuka. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi, na kifua chake kilikuwa bapa.

Kirimi akaingia. "Mzee, unachezea nini hapo?" Hakumwona. Aliona uzi tu, na fundo juu yake. Akaingiza mkono kulitoa.

Mashine ikazunguka. Swichi ilikuwa chini, niamini. Ilizunguka polepole, kama inayosukumwa na mtu, ikamnasa vidole. Na mimi nikahisi kitu kupitia ule uzi: nikiulegeza, mashine inamwachia. Nikivuta, inambana. Ungefanya nini wewe?

Nilivuta.

"Sema nani aliamuru mafundo," nikamwambia. Alipiga kelele kwanza. Wenzetu wakaja wakajaa mlangoni, wakamsikia wote: "Ni mimi. Nilimlazimisha Okello. Na mkanda niliuficha mimi."

Nikalegeza. Vidole vitatu vilikuwa vimeshakwenda. Lakini uzi kwenye dole langu haukulegea. Shoto alikuwa ananitazama.

"Na wewe, Mtaita?"

Nilinyamaza mpaka uzi ukafika kwenye mfupa. Niliposema kwamba nilibonyeza uongo nikijua ni uongo, dole lilikuwa tayari liko sakafuni.

Kampuni iliandika ajali. Kirimi siku hizi anaendesha gari huko Muaither, pembeni mwa Doha. Ukikuta dereva ameshika usukani kwa vidole viwili, mwambie Mtaita anamsalimu, na hajamsamehe.

Mke wa Okello nilimpigia simu nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ulingoja ukatwe ndipo uongee?" akasema, akakata.

Nimerudi nyumbani Taita. Viatu hunifungia mke wangu asubuhi. Jioni nikivua, fundo si lake. Mkia umelala kushoto.

Kwa hiyo wewe unayeombwa leo kushuhudia unachojua ni uongo, lifiche hilo dole mfukoni. Ukishalibonyeza, uliyemsingizia atakuja mwenyewe kulichukua. Hatakutisha. Atakuomba tu, kwa upole, umshikie hapa.