Bi Asha Apanda Teksi ya Mwanawe

Athumani aliingia Doha akiwa mlinzi. Alisimama kwenye lango la hoteli, jua likimpiga, akiwatazama madereva wa teksi za rangi ya feruzi wakishusha wageni na kwenda zao. Akajiapiza kwamba ipo siku naye atakuwa ndani ya gari lile, nyuma ya usukani. Haikuwa rahisi. Mtihani wa udereva ulimwangusha, akarudia, ukamwangusha tena, na wenzake wa chumbani pale mtaa wa Najma wakazoea kumkuta kitandani akikariri alama za barabarani kama mtoto wa chuoni. Siku aliyofaulu, simu ya kwanza alimpigia mama yake, Bi Asha, aliyekuwa kwao Muheza akichambua machungwa ya kupeleka sokoni.

"Teksi ya uwanja wa ndege?" mama aliuliza. "Ile rasmi, yenye kibao juu?"

"Hiyo hiyo, mama."

"Basi nikija huko sitaki kupokelewa na gari jingine. Nataka nipande ya kwako wewe, ukiwa kazini."

Sasa alikuwa anakuja kweli. Athumani na dada yake Warda, ambaye ni mhudumu wa hoteli, walikuwa wamemkatia tiketi aje kuwatembelea, na ndege ilikuwa itue alasiri. Athumani aliamka hatulii. Akaosha gari, akalifuta, akaliosha tena. Akajipulizia manukato mpaka wenzake wakamuuliza kama anakwenda kuoa.

Shida ilikuwa foleni. Pale uwanjani dereva hachagui abiria. Teksi hungoja kwenye maegesho yao, kisha huitwa kwa zamu hadi mlango wa wanaowasili, na gari la mbele hupewa abiria wa mbele. Athumani alikuwa amemweleza mama yake hayo yote. "Huenda ukaangukia kwa dereva mwingine kabisa," alimwambia. Mama akajibu, "Wewe nisubiri tu. Mimi nitaomba Mungu."

Ndege ilitua. Zamu ya Athumani nayo ikafika, mapema kuliko alivyotaka. Gari moja likaondoka, na jingine, mara akajikuta yuko mbele kabisa, macho kwenye milango ya vioo. Mama haonekani. Msimamizi wa foleni, Msudani mmoja aitwaye Abdulrahman, akampungia mkono asogee.

"Yalla, Athumani! Yalla!"

Abiria wake alikuwa msichana wa Kikenya mwenye masanduku mazito, akielekea Al Wakrah. Athumani akayapakia akijitahidi kutabasamu. Alikuwa ndiyo kwanza ameketi na kufunga mkanda pale simu yake ilipoita kwenye kishikizo chake. Sura ya mama yake ikajaa kwenye kioo cha simu, mtandio umemkaa upande.

"Athumani! Nimetoka! Nakuona! Mbona unaniacha?"

Yule msichana akainama mbele kutoka kiti cha nyuma. "Huyo ni mamako?"

"Ndiyo, dada. Ndiyo kwanza anafika. Hajawahi kupanda ndege maisha yake."

"Wueh! Na si ungesema? Ngoja kwanza, usiende." Akafungua mlango, akamwendea Abdulrahman, akamwambia kwa Kiingereza, "Kuna mama anakuja, tuko pamoja. Tunapanda gari moja."

Abdulrahman alimtazama, akamtazama Athumani aliyekuwa ameshika kichwa, akaelewa. "Haraka tu," akasema.

Lakini Bi Asha hakuja haraka. Alisogea na mkoba wake wa ukindu na sanduku la kuazima, akaona watu wamepanga mstari, naye akaenda kusimama mwisho kabisa. Athumani akashuka. "Mama! Njoo huku!"

"Hawa wamenitangulia, mwanangu!"

Familia moja ya Kihindi iliyokuwa mbele yake ikaanza kucheka, baba mtu akasogea pembeni na kumwonyesha njia kwa mkono. Wengine nao wakasogea. Bi Asha akapita katikati yao akishukuru kulia na kushoto, mpaka akafika mbele ya mwanawe. Athumani alitaka kusema mengi. Kilichomtoka ni "Shikamoo, mama" tu.

"Marahaba, baba. Umenenepa."

Akamkumbatia palepale, Abdulrahman akipiga makofi kuwahimiza. Alipofunguliwa mlango wa mbele Bi Asha alikataa. "Abiria hukaa nyuma." Akaketi karibu na yule msichana, kisha akainuka kidogo kuitazama picha ya dereva iliyobandikwa mbele. Akaitazama picha, akautazama uso wa Athumani kwenye kioo.

"Ndiye," akasema. "Mle ndani kuna kaka ameniambia ana gari lake zuri, atanipeleka popote. Nikamwambia, ahsante, mimi nina teksi yangu."

Gari zima likaangua kicheko. Msichana akajitambulisha: jina lake Jerusha, muuguzi, anarudi kutoka likizo Eldoret. "Na mimi mama yangu nimeshaanza kumkumbuka," akasema, na Bi Asha akamshika mkono, hakuuachia mpaka Al Wakrah. Njiani aliuliza kila kitu. Haya majengo nani anayapangusa vioo? Mitende hii inazaa au ni ya pambo? Mbona mwanangu huendi mbio, au ndivyo sheria? Athumani alijibu yote, mikono kwenye usukani, mashavu yakimuuma kwa kutabasamu.

Jerusha alishuka kwake, akaahidi kuja Najma Ijumaa kula wali.

Walipofika Najma, Warda alikuwa amesimama nje ya duka lililo chini ya jengo lao, bado na sare ya hoteli. Alikimbia kufungua mlango wa nyuma, akaanguka kwenye mapaja ya mama yake, wote wawili wakilia na kucheka kwa pamoja. Athumani akaanza kushusha sanduku.

"Liache," Bi Asha akasema. Akajisogeza dirishani, akapiga kiti kwa kiganja. "Warda, panda vizuri, funga mlango. Dereva, tuzungushe kidogo."

Athumani akarudi kwenye usukani, akawasha gari.