Mikono Iliyonichanja

Makovu yangu ya kifuani yalianza kuvimba mwaka niliojifungua binti yangu wa kwanza, katikati ya miaka ya sabini. Yalikuwa makovu ya chale alizonichanja mama nikiwa mdogo, kwetu magharibi, kichomi kiliponibana nusura kinimalize: wembe, masizi, dawa ya majani, basi. Yalikuwa yametulia miaka hiyo yote, kisha yakawa vinundu vigumu visivyouma.

Majirani wa Kangemi, mtaa wetu wa Nairobi, walinitibu kwa midomo. Huyu alisema ukoma, yule kifua kikuu, na wote wakaacha kuazima sufuria zangu, jambo ambalo kwa kweli lilinifaa.

Mama alikuwa amekuja kunilelea mtoto. Nilikwenda naye kwa daktari mjini, kijana mpole aliyekuwa na chumba juu ya duka la vitambaa. Alikata kipande kidogo cha kovu akakipeleka maabara. Tuliporudi kusikia majibu, alituambia si ukoma wala kifua kikuu. Ni kinga ya mwili iliyojikusanya mahali pamoja, kana kwamba imemzingira adui.

"Adui gani?" niliuliza.

Alisema hakuna anayejua. Yeye aliwashuku bakteria wa kawaida wa ngozi, wale tunaoishi nao bila taabu. Huenda waliingia ndani pamoja na wembe, na mwili ukaja kuwakasirikia baadaye. Maabara iliwaona kwenye kile kipande, lakini je, walitoka ndani ya kinundu au juu ya ngozi tu? Hapo ndipo alipokwama.

"Nani alikuchanja?"

Mama akainua mkono kama mwanafunzi.

Nilipewa vidonge vya kuituliza kinga hiyo. Vinundu vikaanza kunywea, mashavu yakajaa, nikawa nakula ugali wa watu wawili na kufurahia kila tonge. Mama ndiye aliyenyong'onyea. Hakumshika tena mtoto. Alifua, alipika, alinawa mikono mpaka sabuni ikabaki ndogo kama peremende, na mtoto akilia ananiita mimi. Alimwimbia mjukuu wake akiwa amesimama mlangoni, mikono ameificha kwapani. Roho iliniuma. Kisha hasira zikanipanda, zote juu ya daktari, maana alikuwa amenipokonya yaya bora Nairobi nzima.

Siku ya kurudi kwa daktari nilimbeba mtoto, nikamburuta na mama.

"Daktari, tangu uongee mambo ya wembe, mama amekataa kushika mtoto," nilimwambia kabla hata sijaketi.

Kijana wa watu akaona haya. Alivuta kiti mpaka karibu na mama.

"Mama, hizo bakteria ziko kwangu, ziko kwako, ziko kwa kila mtu. Ile maneno ya wembe nilikuwa nakisia tu. Na wewe ulikuwa unajaribu kuokoa mtoto wako."

Mama alimwelekezea mtoto kidevu. "Sasa huyu mdogo pia ako nazo?"

"Kama hana, atapata tu. Watoto wanapata kwa wale wanawashika."

Mama alitoa mikono kwapani akaitazama, mbele na nyuma, kwa muda mrefu.

"Kumbe lazima apate za mtu," alisema. "Basi wacha apate zangu."

Akamchukua binti yangu kifuani pangu, na hakunirudishia mpaka tulipofika Kangemi.