Dawa ya Kuamsha

Mara tatu niliandika maombi ya dawa ya kuamsha, na mara tatu yalirudi yamekatwa kwa kalamu nyekundu. Mimi ni daktari wa mifugo, siombi pipi. Nikaenda mwenyewe stoo ya dawa, Sumbawanga mjini, nikamuuliza mtunza stoo kulikoni. Akacheka. "Daktari, ng'ombe akilala si anaamka mwenyewe? Usingizi ni usingizi." Eti usingizi ni usingizi! Dawa ya kulaza tulipewa katoni nzima.

Wiki hiyohiyo mvua za kwanza zikanyesha. Mama mmoja wa Kisukuma, mjane, upande wa Kaengesa, akanipigia simu: maksai wake ana msumari kwenye kwato. Alikuwa na maksai wawili tu, ndio wanaomlimia mahindi na ulezi. Nilimkuta amemfunga, hajamlisha tangu jana yake, kama nilivyomwagiza. Maksai alirusha mateke, hakaribiki. Nikapima zailazini, ile dawa ya kulaza, kidogo sana, maana ng'ombe hulewa nayo upesi kuliko farasi, nikamdunga. Akalala. Msumari nikautoa, kidonda nikakisafisha.

Hakuamka. Pumzi zikawa za kuhesabu, tumbo likaanza kujaa gesi. Mimi, mama na majirani tulimwinua akalalia kifua, tukamwegemeza kwa magunia, nikapitisha mpira kooni gesi itoke.

"Mwamshe sasa, daktari," mama akaniambia kwa upole.

Nimwamshe na nini? Na makofi? Sindano moja tu, jamani, kachupa kadogo kama kidole, na yule maksai angekuwa na nafasi ya kusimama! Akafa jua likiwa bado juu.

Nilitamani mama anitukane. Badala yake akanishika mkono: "Pole daktari, umehangaika." Mimi ndiye napewa pole! Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Yule wa kalamu nyekundu hajawahi kupewa pole ya namna ile.

Majirani walishaanza kuja na visu na mabeseni. Ikabidi nisimame mbele ya mzoga niwazuie: ana dawa mwilini, haliwi, afukiwe.

Mama akanitazama. "Hata nyama, daktari?"

"Hata nyama, mama."

Akaingia ndani, akatoka na jembe la mkono, akaanza kuchimba shimo mwenyewe.