Taa Isiyo na Pete

Kila asubuhi, kabla hajasema na mtu, Dahabo alipitisha ufito wa mwanzi shavuni. Vidole vyake vilikuwa vimeota sugu kwa miaka ya kukamua ng'ombe. Shavu ndilo lililohisi kijibanzi kilichosazwa na kisu.

Kazi hiyo ya kuunda taa alifundishwa hapa Garsen na mwalimu Mjapani, aliyekaa na kikundi cha akina mama miezi mitatu akaenda zake. Taa ya kwao, alisema, ni pete za mwanzi zinazopandana juu ya kalibu. Karatasi inabandikwa, kalibu inatolewa, na taa inakunjika kama tumbo la njaa. Karatasi yenyewe waliitengeneza kwa nyuzi za migomba kutoka kijiji cha Hewani.

Pete zilimshinda Dahabo. Si kwamba hakujua kupinda mwanzi, alijua mno. Kwa Waorma, watu wake wafugaji, mwanamke ndiye mjenzi wa nyumba, naye tangu usichana wake alisimamisha fito wima, akazipinda, akazifunga pamoja utosini. Kila alipoanza pete, mikono ilirudi kwao, kwenye fito za wima.

Sasa zilitakiwa taa za maonyesho ya Malindi, na Dahabo alitaka yake iwemo. Mbodze, mwenyekiti wa kikundi, akaiinua karakanani wote waione, akamgeukia Dahabo.

“Mama Sadik, hii ni taa ama manyatta? Ng'ombe watalala wapi?”

Wakacheka hadi Darmi, Mworma mwenzake Dahabo, akamwaga gundi.

“Ng'ombe analala zizini, mwenyekiti,” Dahabo akasema. “ Ndani analala mtu.”

“Haya. Ya Kijapani inakunjika. Yako je?”

Dahabo akaichukua taa. Alifungua fundo la utosini. Karatasi, aliyoishona vipande vipande kama mikeka ya kuezekea badala ya kuibandika, ikateremka. Fito zikawa mzigo mmoja wa kwapani. Ndivyo mama yake alivyohamisha nyumba kwa punda. Kisha akaisimamisha tena, na chai jikoni ilikuwa haijachemka.

Kicheko kilikatika. Mbodze akaizungusha taa mkononi.

“Nzuri, siwezi kudanganya. Lakini tuliahidi taa za Kijapani. Kaa chini, mwenzangu, tia pete. Tutakungoja.”

“Hii imekwisha.”

“Bila pete haiendi Malindi.”

“Basi itaenda na mimi.”

Akaifungua mara ya pili, bila haraka, akafutika kisu kiunoni, akatia mzigo begani. Darmi akamwita kwa Kiorma, arudi, asiondoke na hasira. Hasira hakuwa nayo. Alishika njia ya kituo cha magari ya Malindi, na karakana ile hakuikanyaga tena.