Duara langu la leo ubaoni

Leo nimeshindwa kuwaangalia wanafunzi wangu usoni.

Kidato cha tatu, hapa Mpanda. Nawathibitishia kwamba mistari miwili inayokatiza duara ikikabili pembe sawa pale katikati, urefu wake ni sawa. Bikari ya ubao imevunjika, basi nikachora duara kwa mkono.

(Likatoka kama kiazi.)

Nilipomaliza, msichana wa mbele akaja na rula, akapima. Mstari wa kwanza sentimita 41. Wa pili 36.

Darasa zima likacheka.

Nikasema, "Mchoro si hoja. Angalieni hatua."

Hapo Oliva, yule mpole wa dawati la nyuma, akanyoosha mkono.

"Madam, juzi hatua zangu zilikuwa sawa. Ulininyima maksi kwa sababu ya mchoro."

Kweli. Hana bikari, alichora kwa mkono. Kama mimi leo.

Hakuna aliyecheka tena.

Nimemwomba radhi mbele ya wenzake, nikamrudishia maksi zote. Akasema, "Asante, Madam," akafunga daftari.

Walimu wenzangu, nyie mngefanya nini zaidi?

Maana maksi nimebadilisha, ila chini yake bado kuna neno nililoandika juzi kwa peni nyekundu: "Mvivu."