Jina la Baba Mkwe

Sijawahi kulitamka jina la baba mkwe wangu, na sitalitamka. Kwetu, magharibi ya Mlima Meru, mke anayeiheshimu nyumba aliyoolewa hafungui kinywa kumtaja baba wa mumewe kwa jina. Atamwita baba, atamwita mzee, atazunguka weee mpaka aeleweke. Watu wa mjini huniuliza kama nilikuwa namwogopa. Sikumwogopa hata kidogo. Ilikuwa heshima, na heshima yangu naijua.

Mwaka ninaoukumbuka, mvua zilitupita zote, za vuli na za masika. Wanaume walihamisha ng'ombe kusini kufuata majani. Bomani tulibaki wake wa wana wa mzee mmoja, watoto wetu, mbuzi, na mzee mwenyewe ambaye magoti yalishamkatalia safari. Wale mbuzi ndio waliokuwa unga wetu. Wakiuzwa wangali na nyama, tungekula mpaka mvua irudi. Wakikonda, hakuna ambaye angewatazama mara mbili.

Hilo la kuuza mapema tulifundishwa na mwalimu wetu, mama mmoja Mmeru wa Sekei. Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha serikali, akaanza kukaanga maandazi Kimandolu, na kila Jumamosi alipanda kuja kutufundisha kusoma na kuandika katika kanisa letu la mbao. Herufi alizichanganya na biashara bila kuuliza ruhusa. Alikuwa akisema, "Nyie mnamuuza mbuzi akishachoka kuishi. Nani atamnunua mgonjwa?" Tulimchukia kidogo kwa maneno hayo, kisha tukaona ni kweli.

Ni yeye pia aliyetuletea mnunuzi. Zilikuwa zile enzi za ruksa, kila mwenye nguvu anafungua biashara yake, na mwenye bucha mmoja wa Kaloleni, Mwislamu mwenye asili ya Kondoa, alikuwa akitafuta mbuzi wa uhakika. Alikuja mwenyewe mpaka bomani, akawashika mbuzi migongo, akaridhika. Sharti lake lilikuwa moja. Kila mbuzi aingie mjini na kibali cha ofisi ya mifugo, maana aliwahi kuuziwa mbuzi wa wizi, na hakutaka kuonja tena fedheha ile.

Tukawaswaga mbuzi mpaka ofisini, jirani na mnada. Karani alikuwa kijana mgeni wa mkoa wetu, msafi, mwenye haraka zake.

"Mbuzi wa boma la nani?"

Nikajifanya nahesabu mbuzi.

"Mama, nakuuliza. Mwenye boma ni nani?"

"Ni baba wa mume wangu."

"Hana jina?"

"Analo, tena zuri."

"Basi litaje."

Nikatazama chini. Akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Naye ni mke wa mwana wa mzee yule yule. Akamwita wa tatu, hali hiyo hiyo. Karani akaweka kalamu mezani. "Ama mbuzi hawa mmewaiba," akasema, "ama mmeolewa kwa mtu msiyemjua." Nilitamani kumjibu jibu ambalo kanisani lisingepita. Nikamweleza kwa upole kwamba ni mila. Akasema mila zetu anaziheshimu, lakini anayeomba kibali lazima amtaje mwenye mifugo kwa kinywa chake, au amwandike kwa mkono wake pale pale mezani. Karatasi iliyoandikwa nyumbani haitaki, kwa kuwa hata mwizi anaweza kuandikiwa. Na sisi tulikuwa bado kwenye a, e, i, o, u.

Nje, kwenye uzio, alikuwa amesimama dalali, mtu wa kwetu kabisa. Yeye hakuwa mkwe wa mtu pale. Akaingia, akalitaja jina la mzee kwa sauti iliyofika mnadani, karani akaandika, na kibali kikatoka. Kwa kazi hiyo alichagua mbuzi aliyenona kuliko wote, akaondoka naye. Wiki iliyofuata alikuwa pale pale kwenye uzio akitungoja, anachokonoa meno, na akaondoka na mbuzi wa pili.

Niliumia sana. Wale mbuzi nimewapa maji niliyoyabeba mgongoni, halafu mtu anamla mmoja kwa sababu tu ana kinywa. Tungeendelea hivyo, yeye angenenepa na sisi mvua ingetukuta mikono mitupu.

Jumamosi nikamwambia mwalimu, "Nifundishe kuandika jina moja."

"Lipi?"

"Siwezi kulisema."

Alicheka mpaka akakaa. Kisha akaenda mwenyewe bomani, akamwuliza mzee jina lake, akarudi na kuliandika ubaoni. Mpaka hapo alikuwa amefanya vizuri. Lakini mwalimu ni mwalimu. Akaligonga jina kwa chaki, akalisoma kwa sauti, akatuambia, "Haya, wote kwa pamoja." Kabla hajashusha mkono, kanisa lilikuwa tupu. Mwenzetu mmoja alitoka na kiatu kimoja.

Alitufuata nje akiomba radhi, akaahidi kufunga mdomo. Pale pale nje likazuka jingine. Mkubwa wetu kwa kuolewa alisema mkono nao una adabu zake, na kuandika ni kutaja polepole. Mimi nikasema mkono si kinywa. Tulibishana mpaka jua likatuchoma, tukakubaliana kwamba hakuna atakayeandika herufi hata moja mzee asiporidhia. Nani aende kumwuliza? Wakanichagua mimi, eti kwa kuwa mdomo wangu hauna breki.

Nilimkuta mzee kwenye kigoda chake, kivulini mwa ukuta. Nikainama, akanigusa kichwa kwa salamu. Nikamnyooshea karatasi aliyoiandika mwalimu, kisha nikasogea nyuma kama inavyompasa mkwe.

"Nini hiki?"

"Ni wewe, baba."

Aliishika kwa mikono miwili. Hakusoma shule, na alikaa akiitazama kwa muda mrefu.

"Mbona mfupi hivi?"

"Karatasi ni ndogo, baba."

Nikamweleza habari za karani, na za dalali na wale mbuzi. Kuhusu dalali alikuwa hajaambiwa, na uso ulibadilika. "Na wewe," akaniuliza, "umenitaja?"

"Sijakutaja. Wala sitakutaja."

Akaitemea karatasi mate kidogo, kama wazee wetu wanavyobariki, akanirudishia. Wino ulivuja pembeni, nami sikuufuta. Nilirudi kwa wenzangu nikijikwaa kwa furaha.

Siku zote zilizofuata niliandika chini kwa kijiti na kwenye majivu ya jikoni, nikifuta kila nilipomaliza ili mzee asikanyagwe. Siku ya mnada ilipofika, dalali alikuwa kwenye uzio wake. Aliponiona naingia, akanifuata akiwa ameshafungua kinywa.

"Mbuzi wa boma la nani?" karani akauliza.

Nikachukua kalamu mezani kwake. Herufi ya kwanza ilipinda, ya pili ikanyooka. Chumba chote kilinisubiri. Nilipomaliza nikamsukumia karatasi.

Karani akaitazama. "Sasa lisome nisikie."

"Mwanangu," nikamwambia, "kusoma ndiyo kazi unayolipwa."

Watu waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Karani naye, nadhani bila kupenda, akacheka, akalisoma, akagonga muhuri. Dalali alifunga kinywa chake na kwenda kusimama kwingine. Nyuma yangu, mkubwa wetu alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea kalamu, yeye aliyesema kuandika ni kutaja polepole.

Mbuzi wote tuliowaswaga siku ile waliingia Kaloleni, na aliyenona kuliko wote safari hii alikuwa miongoni mwao. Tulirudi na unga. Mzee alikuwa bado kwenye kigoda, na kabla sijainama aniguse kichwa, akauliza.

"Wamenisoma?"

"Wamekusoma, baba. Kwa sauti, mbele ya watu."

Akatazama njia ya mjini ambayo magoti yake hayakuiweza tena.

"Basi mnada ujao," akasema, "nipeleke tena."