Mayai ya Malaba na Kozi Niliyoiacha

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenifikisha umri huu nikiwa na akili zangu timamu. Sifa zote ni zake, hata katika haya ninayoyasimulia kwa kinyaa.

Nilirudi masomoni nikiwa mzee. Baada ya kustaafu ukarani wa ghala la pamba nilijiandikisha katika chuo kidogo karibu na Amagoro. Muhula wa kwanza wanafunzi wote tulisoma pamoja. Kabla ya wa pili kila mmoja alipaswa kuchagua njia yake. Mimi nilikuwa na mbili: uwakala wa forodha, ambao mpakani kwetu haukosi kazi, au ualimu wa watu wazima, wale wa ngumbaru. Hii ya pili niliitamani tangu nilipoanza kuwasomea waumini barua zao baada ya ibada.

Mke wangu hakuwa na shaka. "Forodha, Baba. Hao wazee wa Chakol wamekaa bila kusoma miaka yote hiyo, watakufa kwani?"

Nikaona ana hoja. Nikaomba nikajifunze mwezi mmoja katika ofisi ya wakala mmoja pale mpakani Malaba, ndipo niamue.

Mwenye ofisi alinipenda mara alipojua mimi ni msomaji wa kanisa. Alinikalisha dirishani. "Hapa panakufaa, mzee. Watu wakikuona wanatulia." Kila asubuhi, kabla ya kufungua, aliniambia niombe. Tulishikana mikono, yeye amefumba macho kabisa, akiitikia amina kwa sauti kutushinda sote. Kwetu, mtu mliyeomba naye asubuhi humkagui mchana; ni kama kumtukana. Kwa hiyo karatasi aliyonipa niliipitisha dirishani bila kuisoma. Mimi, niliyetaka kufundisha watu kusoma.

Wiki ya pili alikuja mama mmoja kutoka upande wa Uganda na trei za mayai zilizofungwa kwa kamba. Hakujua kusoma. Mwenye ofisi akanipa karatasi. "Mwambie ni ya kuonyesha mzigo umefika. Aweke kidole, arudi kesho."

Nikamwambia hivyo hivyo. Mama akaniangalia. "Ssebo," aliniita, yaani bwana kwa lugha ya kwao, "ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Weka hapa."

Akaweka. Nikampa kitambaa changu ajipanguse wino.

Kesho yake saa nne chai ililetwa pamoja na sufuria ya mayai ya kuchemsha. Nilibariki chakula. Nilikuwa na yai la pili mdomoni yule mama aliposimama dirishani na nakala yake. "Ssebo, wananiambia mayai si yangu tena. Nisomee."

Nikaisoma. Iliandikwa kwamba mwenye mzigo ameuacha kwa hiari yake kwa kuwa umeharibika, wala hatadai chochote. Chini, kidole chake.

Nilitema lile yai kiganjani. Lilikuwa bado na joto. Nimefua nepi za wajukuu, nimeosha maiti za waumini wenzangu, lakini sikuwahi kuona kinyaa kama kile. Nyuma yangu mwenye ofisi alikuwa akitafuna.

"Boss, mayai haya ni ya nani?"

"Ni baraka, mzee. Si wewe umebariki?"

Ofisi nzima ikacheka. Dereva aliyengoja karatasi zake akadakia, "Mtumishi, ongeza chumvi!"

Kicheko kilinichukiza, ila ulimi wangu ulinichukiza zaidi. Bila mimi yule mwizi angelazimika kumnyang'anya mama kwa nguvu. Kwa neno langu mama aliweka kidole mwenyewe.

Nilimpeleka mama kwa afisa wa forodha wa zamu, nikaandika nilichomwambia mama na kilichokuwa kwenye karatasi, nikatia sahihi. Afisa akasoma mara mbili. "Mzee, unajishtaki?"

"Ndiyo."

Trei zilizobaki zilirudishwa. Yaliyoliwa yalikwisha kuliwa. Mama hakunishukuru, na sikustahili. "Wewe ndiye ulifanya niamini," alisema, akafunga kamba zake, akaenda.

Nyumbani mke wangu alisikiliza huku akichambua mboga. "Huyo ni mwizi mmoja. Mawakala wengine wako sawa."

"Wako, nawajua, na Mungu awalinde. Lakini nikikaa dirishani nitawasomea watu mpaka nife, na wao watabaki kuniangalia usoni. Sitaki tena mtu aniamini namna hiyo. Nataka asome mwenyewe."

Akaendelea kuchambua mboga. "Basi usije ukalalamika."

Jumatatu niliandika ualimu wa watu wazima kwenye fomu, nikaisoma yote, mstari kwa mstari, ndipo nikaweka sahihi. Karani wa chuo alichoka kunisubiri.

Nawe unayesoma haya, Mungu akukinge na amina ya mdomo mtupu, akupe riziki unayoweza kuimeza bila aibu, na akuwekee karibu watu watakaokwambia kweli.